Kikosi B wanacheza na nani?

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, msinirushie mawe. Tulikuwa na majaribio matatu ndani ya siku nne, na bumu lenyewe mnajua lilivyochelewa, hata bando la kuingilia humu lilikuwa la kuomba kwa rumeti. Leo nimepata nafasi, na kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili ya wiki juzi.

Wanaonifahamu wanajua kwamba wikiendi huwa nasaidia timu moja ya watoto, chini ya miaka 15, huku nyuma ya chuo njia ya Changanyikeni. Sina leseni ya ukocha wala nini. Kocha mwenyewe ni mzee mmoja mstaafu, mimi nabeba mipira na kumwaga chokaa kwenye mistari, na kwa kuwa nasomea ualimu basi kazi yoyote ya kuongea na watoto inatupiwa mimi. Timu ina vikosi viwili, A na B. Kila baada ya miezi mitatu kocha anapanga upya, huyu anapanda, huyu anashuka. Siku hiyo akanipa karatasi akasema, "Mwalimu, wasomee."

Nikasoma. Watatu wamepanda, watatu wameshuka. Mmoja wa walioshuka ni winga wetu wa kulia, miaka 13, mwembamba, ana mbio lakini mwili bado. Hakulia. Alivua jezi palepale, akaikunja vizuri kama shati la shule, akaniwekea mkononi, "Asante mwalimu," akaondoka na fulana ya ndani. Jumanne hakuja mazoezini. Alhamisi hakuja.

Sasa mimi hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu jambo hilihili lilinipata mimi. Nilikuwa na miaka 14, nipo kwenye kituo kimoja cha soka nyumbani (sikitaji, hakina kosa sana), nikashushwa kikosi B. Nilienda wiki moja tu. Baada ya hapo nikawa nawaambia watu goti linanisumbua. Goti langu halijawahi kuuma hata siku moja, na leo ndiyo mara ya kwanza naliandika hilo mahali.

Basi Ijumaa nikaenda kwao. Mama yake anauza vitumbua, akanikaribisha kwenye benchi, akasema mwanaye kamwambia ameachwa. Nikamwambia hapana mama, hajaachwa, ameshushwa tu. Dogo akaitwa, akakaa pembeni anachorachora chini kwa kijiti. Mimi nikatoa silaha yangu. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, nikamsimulia habari za Messi.

Na hizi habari ni za kweli, ngoja niwape na nyie. Messi alifika Barcelona kutoka Rosario, Argentina, Septemba 2000, ana miaka 13. Timu ya kwanza aliyochezea kwa mechi rasmi, Machi 2001, ilikuwa Infantil B. Hiyo ni timu ya pili ya umri wake, yaani kwa lugha yetu kikosi B kabisa. Kule vijana wamepangwa kama ngazi ya mnara: Alevín, halafu Infantil, halafu Cadete, halafu Juvenil, na kila kidato kina A na B yake. Juu ya Juvenil wakati ule kulikuwa na Barcelona C, juu yake Barcelona B, ndipo ufike timu ya wakubwa.

Msimu wa 2003 hadi 2004 ndio unaonifurahisha. Messi aliuanza akiwa Juvenil B. Muda si mrefu akapelekwa Juvenil A. Novemba 16, 2003, Barcelona walialikwa Ureno kufungua uwanja mpya wa Porto, wachezaji wengi wakubwa wapo timu za taifa, kocha Rijkaard akachukua vijana wa kujazia. Messi, miaka 16, akaingia kutokea benchi. Amevaa jezi ya wakubwa, uwanja umejaa, ng'ambo ya pili benchi la Porto amekaa Mourinho. Sasa mtu wa kawaida angesema huyu ndiyo kafika. Siku 13 baadaye, Novemba 29, alikuwa anacheza mechi yake ya kwanza Barcelona C, kwenye daraja lililokuwa la nne la Hispania, na wenzake walikuwa wanahangaika wasishuke. Januari 2004 akafunga matatu katika mechi moja hukohuko C. Machi akapanda Barcelona B. Msimu mmoja, timu tano, na kati ya hizo hakuna aliyemsomea karatasi akavua jezi.

Hata msimu uliofuata, baada ya kuchezeshwa rasmi dhidi ya Espanyol Oktoba 16, 2004, hakubaki juu. Jezi yake ilikuwa namba 30, kwa sababu 1 hadi 25 ni za kikosi cha wakubwa na wa timu ya chini wanaopandishwa wanavaa za baada ya hapo. Msimu ule alicheza mechi 9 na wakubwa na 17 na Barcelona B. Mechi nyingi zilikuwa chini kuliko juu! Bao lake la kwanza na wakubwa, lile la Mei 1, 2005 dhidi ya Albacete, pasi ya Ronaldinho, lilikuja katikati ya kupanda na kushuka huko.

Nikamaliza. Nikajiona nimeongea kama mhadhiri. Dogo akaacha kuchora, akaniuliza:

"Huko C Messi walikuwa wanacheza na nani?"

"Na timu nyingine. Walikuwa kwenye ligi."

"Sisi B tunacheza na nani?"

Wadau, nilikosa jibu. Kikosi B chetu hakichezi na mtu. Kinakuja mazoezini, kinazunguka kiwanja, siku ya mechi kinavaa vizibao, kinaokota mipira iliyotoka na kinabeba maji ya kikosi A. Mama mtu akanimenyea ndizi, nikala kimyakimya, nikaaga.

Tangu siku hiyo ndiyo nikaingia kwenye mambo haya kwa macho ya mtu wa Historia, maana swali la yule mtoto ni la kihistoria kabisa. Wahispania walianza lini kuipa timu ya chini mechi zake? Uingereza niliiacha mapema, nitawaambia kwa nini. Kule timu za akiba zilikuwa zinacheza zenyewe kwa zenyewe, na klabu ikitaka kijana aonje mechi ya watu wazima inamtoa kwa mkopo. Beckham mwaka 1995 alipelekwa Preston North End, daraja la chini, mechi 5, mabao 2, moja la kona iliyoingia moja kwa moja. Alienda akiwa na hofu kwamba ndiyo anatupwa. Kwa hiyo hata Beckham alipoambiwa "shuka" alisikia "umeachwa". Angalau dogo wangu ana mwenzake.

Hispania ni habari nyingine. Kule timu ya pili inacheza ligi ileile ya taifa na klabu za watu wengine, daraja la chini, ina msimamo wake, inaweza kupanda na inaweza kushuka. Timu ya pili ya Real Madrid ilianzia kwenye klabu ya peke yake iliyoitwa Plus Ultra, ambayo mwaka 1972 ikageuka Castilla. Na hii Castilla ndiyo iliyofanya kituko ambacho nikikisoma naona kama mtu ametunga.

Msimu wa 1979/80 timu za pili zilikuwa bado zinaruhusiwa kuingia Kombe la Mfalme. Castilla wapo daraja la pili, vijana watupu. Wakawatoa Hércules. Wakawatoa Athletic Bilbao. Wakawatoa Real Sociedad, ambao msimu ule walikuwa wanapigania ubingwa wa Hispania. Wakawatoa Sporting Gijón. Wote hao ni wa ligi kuu. Wakafika fainali, na ng'ambo ya pili aliyefika ni nani? Real Madrid wenyewe. Baba na mtoto, Juni 4, 1980, uwanja wa Bernabéu, nyumbani kwa wote wawili.

Baba alishinda 6-1. Sasa mwangalieni kipa wa Castilla, Agustín. Fikiria wewe ni kijana umefungwa sita na timu unayoota kuichezea, mbele ya mashabiki walewale unaotaka wakupende. Mei 27, 1981, hata mwaka haujatimia, Real Madrid wanacheza fainali ya Kombe la Ulaya na Liverpool kule Paris. Kipa wa Real Madrid ni Agustín. Walifungwa 1-0, lakini hilo siyo lililonivutia. Walimpandisha kwa kuwa walikuwa wamemwona akicheza. Angekuwa anaokota mipira nyuma ya goli wangemwonea wapi?

Kuna na nyongeza tamu. Kwa kuwa Real Madrid walibeba ligi na kombe, nafasi ya Kombe la Washindi la Ulaya ikawaangukia waliofungwa fainali, Castilla. Wakapangiwa West Ham, ambao nao walikuwa wametwaa Kombe la FA wakiwa daraja la pili. Mechi ya Madrid vijana wakashinda 3-1. Mashabiki wa Kiingereza wakafanya vurugu, adhabu ikawa mechi ya marudiano ichezwe London bila watazamaji. West Ham wakashinda 5-1 baada ya muda wa nyongeza. Timu B, kikombe cha Ulaya, uwanja mtupu. Ningependa sana kujua vijana wale walijisikiaje kusikia sauti zao wenyewe zikirudi kutoka majukwaani.

Ila msidhani nauza sera kwamba Hispania ni peponi. Mfumo ule una kamba, na kamba inakaba. Sheria inasema timu ya chini haiwezi kuwa daraja moja na mama yake. Ndiyo maana mwaka 1956 timu ya pili ya Barcelona, iliyoitwa España Industrial, ilibidi itengane na klabu ndipo ipande ligi kuu, ikajiita Condal, ikakaa msimu mmoja ikashuka. Msimu wa 1983/84 Castilla ya kina Butragueño, chini ya kocha Amancio, walimaliza daraja la pili wakiwa wa kwanza. Wa pili wakawa Bilbao Athletic, timu ya vijana ya Athletic Bilbao. Mabingwa hawakupanda, na washindi wa pili hawakupanda. Umeongoza darasa halafu unaambiwa rudia kidato, kisa kaka yako yupo kidato cha mbele. Kilichowasaidia kina Butragueño ni kwamba mmojammoja waliweza kupanda. Yeye mwenyewe alichukuliwa na wakubwa Februari 5, 1984, ugenini Cádiz, akaingia kipindi cha pili, akafunga mawili. Timu ilifungiwa mlango, wachezaji wakapitishwa dirishani.

Na kuna la kusikitisha zaidi, hili la juzijuzi. Villarreal msimu wa 2011/12 walianza wakiwa Ligi ya Mabingwa na wakamaliza kwa kushuka daraja, siku ya mwisho kabisa, Mei 2012. Timu yao ya pili, Villarreal B, ilikuwa daraja la pili, imekaa zake katikati ya msimamo, haidaiwi na mtu. Kwa kuwa wakubwa wanakuja daraja la pili, vijana wakashushwa la tatu. Hawakufungwa na yeyote wa kuwashusha. Waliponzwa na kaka zao. Yule aliyesimama kwenye chumba cha kubadilishia nguo kuwaeleza vijana jambo hilo, mimi namwonea huruma, karatasi yangu ya Jumapili ilikuwa nyepesi.

Sasa turudi Barcelona, maana huko kuna kisa ambacho nadhani ndicho nilitakiwa kumsimulia dogo badala ya Messi. Messi ni Messi, ukimtaja mtoto anaona unamdanganya. Mwaka 2007 Barcelona B walishuka hadi daraja la nne. Hilo likaiua Barcelona C, klabu ikaivunja. Hebu pigeni picha: ngazi mbili zimebomoka kwa mpigo. Kama ulikuwa kijana wa C kiangazi kile, chini yako hakuna pa kushukia, na juu yako kuna timu iliyotoka kushuka. Kati ya vijana wa C alikuwepo mmoja kutoka visiwa vya Canary, anaitwa Pedro. Alibakizwa, akaingizwa B. Kutoka timu ya vijana akaja mrefu mmoja mwembamba, Busquets. Kocha aliyepewa kikosi hicho alikuwa hajawahi kufundisha timu yoyote ya wakubwa, jina lake Guardiola.

Msimu wa 2007/08 wakauchezea daraja la nne. Viwanja vidogo, nyasi za kubahatisha, wapinzani watu wazima wenye ajira zao za mchana. Wakaongoza kundi lao, Juni 2008 wakapanda. Guardiola akapewa timu kubwa, akawabeba wale wawili.

Julai 11, 2010, Johannesburg. Nilikuwa na miaka saba, kibanda umiza cha mtaani kwetu kimefurika, mimi nimekaa chini kwenye mchanga mbele kabisa, shingo imepinda, honi za vuvuzela zinatoka kwenye spika kama nyuki. Hispania na Uholanzi, fainali ya Kombe la Dunia. Iniesta alifunga dakika ya 116 tukamwagiana maji. Nilivyokuwa mdogo sikujua kitu. Kwenye kikosi kilichoanza siku ile walikuwepo Pedro na Busquets. Miaka miwili na mwezi mmoja tu nyuma walikuwa daraja la nne la Hispania!

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mtoto. Nilikwenda kwao nikidhani tatizo langu ni maneno, kwamba nikitafuta neno laini kuliko "umeshuka" atarudi. Chuoni wanatufundisha sana hilo, namna ya kumpa mwanafunzi matokeo mabaya bila kumvunja moyo. Ni elimu nzuri, siibezi. Lakini Pedro alipokwenda daraja la nne hakufarijiwa kwa neno laini, alipewa mechi ya Jumapili. Alikuwa na wapinzani, refa na msimamo wa ligi wa kuangalia Jumatatu asubuhi. Kushuka kwake kulikuwa kuhamia mahali. Sisi yule dogo tulimhamishia nje ya mstari wa chokaa niliouchora mimi mwenyewe. Kwa hiyo aliposema ameachwa alikuwa anasema kweli, na mimi mwalimu mtarajiwa ndiye niliyekuwa nadanganya, tena mbele ya mama yake, huku nakula ndizi yake.

Jumanne nikamfuata kocha. Mzee ana heshima zake, nikaanza mbali, shikamoo kocha, mara habari za mguu wake, mara mvua. Mwishoni nikasema, kocha, B nao watafutiwe mechi. Akaniangalia. Akasema jezi ni seti moja, mipira mitatu na mmoja unapumua, kiwanja tunakipata kwa kugombea, nani atasimamia? Nikasema mimi. Akasema refa? Nikasema nitatafuta. Akacheka, akasema nyie wa chuo mna muda mwingi. Lakini hakukataa.

Nimeongea na jamaa wanaofundisha watoto kule Makongo, nao wana kundi lao la wanaobeba maji. Tumekubaliana Jumamosi hii, saa moja asubuhi kabla A hawajaingia kiwanjani, B kwa B, dakika 30 kila kipindi. Tukicheza nne tano tutaandika msimamo kwenye kipande cha boksi tuubandike kwenye mwembe. Kocha kasema mfungaji bora wa B atakaa benchi la A mechi ijayo, na wa A asiyepata namba atashuka kucheza na B siku hiyohiyo, arudi jioni. Hili la pili nimeliomba mimi, nimewaibia Wahispania.

Jana nilipita tena kwa mama vitumbua. Dogo alikuwa shule. Nilimwachia mama ujumbe kwamba Jumamosi saa moja, wapinzani ni Makongo. Nikaiacha na ile jezi, bado imekunjwa alivyoikunja yeye. Mama akauliza, "Si mlimwambia airudishe?" Nikamwambia ni ya kuchezea mechi.

Haya wadau, ninachoomba kwenu: mwenye filimbi, mwenye fulana kumi na moja za rangi moja hata zile za sherehe ya mahafali ya kaka yako, mwenye mpira namba nne, anitafute Hall II au aniachie ujumbe. Na kama kuna mtu wa Elimu ya Michezo anaweza kushika filimbi Jumamosi saa moja, chai na vitumbua juu yangu. Kesho nina semina ya saa mbili, naenda kulala.